Tonalpohualli: siku huwa njema kwa alama yake au kwa namba yake?

#1 Mhesabu Siku
Wakuu, habari zenu. Mitandaoni kumejaa orodha za "nyota za Waazteki": ukizaliwa siku ya Sungura wewe mlevi, ya Ua wewe msanii, ya Jagwa wewe shujaa. Mtu anapewa alama moja kati ya 20, kazi imekwisha. Nasema orodha hizo zimekosewa toka msingi. Kwenye tonalpohualli, ile hesabu ya siku 260, alama peke yake haina hukumu. Anayehukumu ni namba, 1 hadi 13. Katika maelezo ambayo mtawa Bernardino de Sahagún aliyakusanya kwa wazee wa Kinahua (watu wa lugha ya Waazteki) karne ya 16, siku yenye 7 ni njema, yenye 9 ni mbaya, na kuanzia 10 hadi 13 ni njema, iwe imeangukia alama yoyote. Mwenye kupinga alete hoja.

#2 Tete la Ziwani
Kabla hatujavutana, wageni wa uzi wapate picha. Chukua magurudumu mawili yenye meno yanayoshikana. Moja lina namba 13, jingine alama 20, na kila siku yote mawili yanasogea jino moja. Siku ya kwanza ni 1 Cipactli, ya pili 2 Ehecatl, ya tatu 3 Calli, hadi 13 Acatl. Hapo namba zimeisha lakini alama bado, kwa hiyo siku ya 14 ni 1 Ocelotl. Alama nazo zinaisha kwenye 7 Xochitl, na siku ya 21 inakuwa 8 Cipactli. Ili 1 na Cipactli wakutane tena lazima zipite siku 260 kamili.

Alama kwa mpangilio wake: Cipactli (mamba), Ehecatl (upepo), Calli (nyumba), Cuetzpalin (mjusi), Coatl (nyoka), Miquiztli (kifo), Mazatl (swala), Tochtli (sungura), Atl (maji), Itzcuintli (mbwa), Ozomatli (kima), Malinalli (nyasi iliyosokotwa), Acatl (tete), Ocelotl (chui), Cuauhtli (tai), Cozcacuauhtli (tumbusi), Ollin (mwendo, au tetemeko), Tecpatl (gumegume), Quiahuitl (mvua), Xochitl (ua).

Kosa la wengi ni kudhani hii ni miezi 13 yenye siku 20 kila mmoja. Humu hamna mwezi. Miezi ya siku 20 iko kwenye hesabu nyingine ya siku 365, xiuhpohualli: miezi 18, na siku 5 za mwisho ziitwazo nemontemi, ambazo watu walikaa kimya wakaacha shughuli.

#3 Bint Mnajimu
Shukrani Tete, ila orodha yako ina wanyama wa Serengeti. Meksiko ya kale haikuwa na swala wala chui. Mazatl ni kulungu yule wa mkia mweupe, na Ocelotl ni jagwa. Cipactli nako tusiseme mamba tu tukapita. Katika masimulizi ni dude la majini ambalo miungu walilipasua ili ardhi ipatikane, ndiyo maana siku inayobeba jina lake inafungua hesabu nzima. Wachoraji wa maandiko ya kale mara nyingi walimchora kichwa tu, bila taya la chini.

Sasa kwa Mhesabu Siku. Kama namba ndiyo inayohukumu, nieleze namba 1. 1 Cipactli ni njema kabisa: mtoto wa mkubwa atatawala, mtoto wa mtu wa kawaida atakuwa askari hodari. 1 Ocelotl, siku 13 tu mbele, ni mbaya: aliyezaliwa humo huenda akafia vitani au akaishia utumwani. 1 Mazatl anatoka mtu mwoga, hata radi inamtisha. Namba ni ile ile 1. Kilichobadilika ni nini kama si alama?

#4 Mhesabu Siku
Bint Mnajimu, umenipa silaha ya kujitetea. Hizo zote ulizotaja ni siku za kufungua kundi la siku 13. Namba 1 ina kazi ya pekee: inaweka rangi ya kundi zima, halafu 2 hadi 13 zinapanda na kushuka ndani ya rangi hiyo. Makundi yako 20, kila moja na mungu wake msimamizi.

#5 Gumegume
Sasa umeshahama, mkuu. Bandiko #1 umesema "anayehukumu ni namba". #4 umesema ni kundi. Chagua moja. 😀

Na kuna siku inayozivunja zote mbili: 2 Tochtli. Hiyo ni siku ya pili katika kundi la 1 Coatl... ngoja, nimekosea. Nahesabu upya.

#6 Tete la Ziwani
Nikusaidie, Gumegume. Kanuni ya kupata siku ya ngapi ndani ya 260: zidisha namba kwa 40, toa alama mara 39, kisha ongeza au punguza 260 mpaka jibu likae kati ya 1 na 260. 2 Tochtli: 2×40 = 80. Tochtli ni alama ya 8, 8×39 = 312. 80 − 312 = −232, ongeza 260, unapata siku ya 28. Rudi siku moja, ya 27, ni 1 Mazatl. Kwa hiyo 2 Tochtli iko ndani ya kundi la 1 Mazatl.

#7 Gumegume
Asante, ndiyo yenyewe. Kundi la 1 Mazatl kwa ujumla linasifiwa kiasi. Lakini siku yake ya pili tu, 2 Tochtli, imeelezwa kwa ukali kuliko karibu siku zote: aliyezaliwa humo anataka pulque (pombe yao) na si kitu kingine, anakunywa bila kula, anauza nguo yake, analala njiani. Wanahua walisema miungu ya pombe ni "sungura 400", Centzon Totochtin, maana ulevi una sura 400 na kila mlevi ana sungura wake. Sababu ya ubaya wa siku hii haiko kwenye namba 2, haiko kwenye kundi. Iko kwa sungura mwenyewe, na anayesimamia alama ya Tochtli ni Mayahuel, mungu wa kike wa mmea unaotoa pulque.

#8 Kalamu ya Amatl
Mnabishana kama vile mganga alikuwa na safu moja ya kusoma. Tonalpouhqui, msomaji wa siku, alifungua tonalamatl, kitabu cha magome ya mti au cha ngozi, mbele ya mteja. Tazameni kitabu kimoja cha namna hiyo, Borbonicus, kilichoko Paris, ambacho kurasa zake za kundi la kwanza na la pili zimepotea, yamebaki 18. Kila kundi limepewa ukurasa wake. Kushoto juu kuna mchoro mkubwa wa mungu wa kundi, amezungukwa na sadaka. Chini na kulia kuna vyumba vya siku 13. Kila siku ina alama yake na namba kwa nukta nyekundu, mmoja wa Mabwana 9 wa Usiku, mmoja wa Mabwana 13 wa Mchana, na kiumbe arukaye mmoja kati ya 13. Yaani tabaka sita kwa siku moja: namba, alama, kundi, usiku, mchana, na arukaye. Msomaji anazipima moja dhidi ya nyingine, na hapo ndipo ujuzi unapolipwa.

#9 Mhesabu Siku
Kalamu, hoja nzito. Lakini kama kila siku ina tabaka sita, siku zote zingekuwa za kati. Mbona maelezo ya Sahagún yana siku za kutisha kabisa?

#10 Kalamu ya Amatl
Kwa sababu yalipita kwa mtawa. Kitabu cha 4 cha Sahagún ndicho chanzo chetu kikubwa, na mwenyewe aliiona hesabu hii ni uaguzi wa kishetani. Aliongeza hoja ndefu ya kumpinga mtawa mwenzake aliyeisifu kuwa kalenda safi, ambaye watafiti wengi wanamtambua kuwa ni Motolinía. Ukitaka kuthibitisha kitu ni ushirikina, unaandika hukumu kali na kuacha mashauriano. Ndiyo maana orodha za leo zinasomeka kama amri.

#11 Bint Mnajimu
Nakazia ya Kalamu kwa utaratibu wa kutoa jina, maana hapo mashauriano yanaonekana wazi. Mtoto akizaliwa siku mbaya, msomaji haambii familia "mmekwisha". Anatafuta siku bora mbele kidogo, mara nyingi ndani ya kundi lile lile, na mkunga anamwosha mtoto siku hiyo alfajiri na kumpa jina. Aliyezaliwa 9 anaweza kusogezwa hadi 10. Hapo kanuni ya #1 inafanya kazi kweli, sikatai.

Kwa siku 4 za kwanza moto wa nyumbani haukuzimwa, wala jirani hakuruhusiwa kuchukua kaa. Ukitoa moto unatoa tonalli ya mtoto. Neno tonalli linabeba joto la jua, siku, na majaliwa ya mtu yaliyokaa kichwani. Kwetu "nyota" ya mtu inakaribia, ila nyota haina joto. Mwanafalaki wa pwani anapata nyota kwa kujumlisha thamani za herufi za jina lako na la mama yako. Wanahua walikwenda kinyume: siku ilitangulia, jina likatoka kwenye siku.

#12 Mvua ya Kwanza
Wakuu, mimi mpya. Nifanyeje kujua tarehe fulani ilikuwa siku gani? Nimejaribu 1 Januari 2000 nikapata 8 Malinalli, programu moja ya simu imenipa 11 Ehecatl.

#13 Tete la Ziwani
Najua ulipoteleza. Umeanzia anguko la Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, 13 Agosti 1521, siku ya 1 Coatl katika mwaka 3 Calli. Hiyo ndiyo nanga, yaani tarehe ya kuanzia kuhesabu, inayotumiwa na wengi, hesabu ya mtafiti Alfonso Caso. Lakini tarehe 13 Agosti ni ya kalenda ya Juliasi. Kwa kalenda yetu ya Gregori ni 23 Agosti 1521. Umekosea siku 10 kamili, na ukisogeza 11 Ehecatl siku 10 mbele unapata 8 Malinalli, ndicho ulichopata.

Hatua ni hizi. Hesabu siku toka 23 Agosti 1521 hadi tarehe yako. Hadi 1 Januari 2000 ni siku 174,717. Gawanya kwa 13, baki ni 10, ongeza kwenye 1: namba 11. Gawanya kwa 20, baki ni 17, ongeza kwenye 5 (Coatl ni ya tano): 22, toa 20, inabaki 2, Ehecatl. Programu yako iko sawa.

Jipime na 21 Desemba 2012, ile iliyovumishwa kuwa mwisho wa dunia. Ni siku 179,455. Baki kwa 13 ni 3, namba 4. Baki kwa 20 ni 15, unapata 20, Xochitl. Wamaya waliita siku hiyo hiyo 4 Ahau, na Ahau ni alama ya 20 kama Xochitl. Hesabu mbili za watu wawili zimekutana.

Makosa mengine ya kuepuka: mwaka 1600 na 2000 ni mirefu, ila 1700, 1800 na 1900 siyo. Na msiongeze siku yoyote kwenye 260 kwa ajili ya mwaka mrefu. Hesabu hii haisimami.

#14 Gumegume
Hapo mwisho wengine hawakubaliani nawe, Tete. Kuna makundi Meksiko leo yanayosimamisha hesabu siku moja kila miaka minne, na mengine yanaanza mwaka tarehe tofauti. Ndiyo maana programu mbili zinaweza kukupa majibu mawili.

#15 Tete la Ziwani
Yapo, lakini ukisimamisha unaachana na Wak'iche' wa Guatemala. Ajq'ij wa Momostenango, watunza siku, wanahesabu 260 mpaka leo, na siku ya 8 B'atz' wanaingiza watunza siku wapya. B'atz' ni Ozomatli, kima. Siku yao inaangukia 8 Ozomatli ya hesabu ya Caso bila kusukumwa. Huwezi kupata ulingano huo baada ya miaka 500 kama mmoja alikuwa anaruka siku kila miaka minne.

#16 Kalamu ya Amatl
Ulingano ni mzuri, ila msiufanye chuma. Kumbukumbu za Wanahua zinaitaja siku Cortés, kiongozi wa Wahispania, alipoingia Tenochtitlan, 8 Novemba 1519, kuwa 8 Ehecatl. Kwa nanga ya Tete, 8 Novemba ni 7 Cipactli. Siku moja imepotea. Maelezo ya kitabu cha Telleriano-Remensis yanasema siku ilihesabiwa toka adhuhuri hadi adhuhuri. Labda ndiyo sababu.

#17 Tete la Ziwani
Nimeipiga hesabu hiyo, Kalamu, adhuhuri inaharibu zaidi. Wahispania waliingia asubuhi, kwa hiyo kwa adhuhuri wako ndani ya siku iliyoanza 7 Novemba. Cuauhtémoc, mtawala wa mwisho wa Waazteki, alikamatwa alasiri mji ulipoanguka, yuko ndani ya siku iliyoanza 13 Agosti. Umbali unatoka siku 644 unakuwa 645, na Cortés anaingia 6 Xochitl. Tumezidi kuikimbia 8 Ehecatl. Ukianza siku jua linapozama, na ukisema mwandishi alihesabu usiku wa kwanza wa wageni mjini, hapo inakubali.

#18 Bint Mnajimu
Au mwandishi alihesabu siku iliyofuata. Wanaoanza siku macheo nao wana watetezi wao.

Msisahau uzito wa 1 Coatl yenyewe. Hiyo ni siku ya wafanyabiashara wa masafa, pochteca. Waliingoja ndipo waanze msafara, kwa kuwa nyoka ni njia iliyonyooka. Walikata nywele mara ya mwisho, wakaweka karatasi zilizotonewa mpira kwa ajili ya moto, kisha hawakugeuka nyuma. Siku bora ya kuondoka, na ndiyo siku mji ulipoanguka.

#19 Mvua ya Kwanza
Asanteni sana, nimeelewa nilipokosea. Swali la mwisho: kwa nini 260? Hakuna kitu cha mbinguni chenye siku 260.

#20 Mhesabu Siku
13 mara 20, basi. Ishirini ni vidole vya mikono na miguu, hesabu yao yote ni ya ishirini-ishirini. Kumi na tatu ni tabaka za mbingu.

#21 Bint Mnajimu
Hiyo inaeleza namna ya kuzidisha, haielezi kwa nini walizidisha. Mimba. Toka mwanamke anapokosa hedhi hadi kujifungua ni karibu siku 260, na wakunga wa K'iche' wanaiunganisha hesabu na mimba. Kalenda ya kumtabiria mtoto ikitoka tumboni, ina mantiki.

#22 Gumegume
Jua. Kwenye latitudo ya karibu nyuzi 15 kaskazini, kama miji ya kale ya Izapa na Copán, jua la utosini hupita mara mbili kwa mwaka, karibu 30 Aprili na 13 Agosti. Katikati kiangazini ni siku 105, na upande wa pili zinabaki 260. Zelia Nuttall alilitazama jua la utosini tangu 1928, Vincent Malmström akaipeleka Izapa 1973.

#23 Kalamu ya Amatl
Ushahidi wa zamani haukai latitudo hiyo peke yake. Kipande cha ukuta wa San Bartolo, Guatemala, kilichotangazwa 2022, kina 7 Kulungu na kimewekwa kati ya 300 na 200 kabla ya Kristo, na San Bartolo iko kaskazini zaidi. Na uchunguzi wa 2023 wa mpangilio wa majengo ya ghuba ya Meksiko umeonyesha mengi yanatazama macheo ya 11 Februari na 29 Oktoba, siku 260 mbali, tangu takriban 1100 hadi 750 kabla ya Kristo. Jua lipo, Gumegume, lakini la upeoni, si la utosini. Huo ni msimu wa mahindi.

#24 Tete la Ziwani
Ongezeni Mirihi: mzunguko wake wa kuonekana ni karibu siku 780, 260 mara 3. Na misimu mitatu ya kupatwa ni karibu siku 520, 260 mara 2.

Tukiwa hapo, pwani yetu ina jirani wa ile 365: Nairuzi, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za gatha. Haina mwaka mrefu, kwa hiyo inateleza taratibu kwenye majira, sawa na xiuhpohualli.

#25 Mhesabu Siku
Turudi kwenye swali langu. Nimekubali 2 Tochtli ni ya alama. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu 9.

#26 Gumegume
Jibu liko Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Wamixteki waliitwa kwa siku zao, na majina yao yamechorwa kwenye kitabu cha Zouche-Nuttall kilichoko Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mtawala wao mkuu kuliko wote, wa karne ya 11, ni 8 Kulungu. Wazee wa Sahagún waliiweka 8 upande mbaya. Baba yake ni 5 Mamba. Na 9 Nyasi ndiye mungu wa kike wa wafu wa Chalcatongo, ambaye watawala walikwenda kumwomba ushauri. Kama 9 ni ya kukimbiwa, huyo wasingemwendea.

#27 Mhesabu Siku
Wamixteki si Wanahua.

#28 Gumegume
Alama zile zile 20, namba zile zile 13, mpangilio ule ule.

#29 Kalamu ya Amatl
Na 9 ni idadi ya Mabwana wa Usiku, pia tabaka za Mictlan, nchi ya wafu. Yawezekana 9 haikuwa "mbaya" bali ya chini, ya usiku: hatari kwa mtoto, inafaa kwa mwenye kuwauliza wafu. Lakini tukiwagusa Mabwana 9 tunaingia tatizo jingine: 260 kwa 9 inabaki 8. Je, 13 Xochitl, siku ya mwisho, ilipewa mabwana wawili ili 1 Cipactli ianze tena na Xiuhtecuhtli, bwana wa kwanza, au mzunguko uliendelea mpaka siku 2,340? Tete, una kurasa za Borbonicus karibu?

#30 Tete la Ziwani
Ninazo. Kundi la mwisho, 1 Tochtli, ni siku ya 248. Kama 1 Cipactli ni bwana wa 1, basi 1 Tochtli ni bwana wa 5, Mictlantecuhtli, na 13 Xochitl anaangukia wa 8, Tepeyollotl. Tlaloc, wa 9, ndiye anayebaki bila siku. Nakwenda kukitazama chumba cha mwisho cha ukurasa huo kama kina kichwa kimoja au viwili, nitarudi na namba ya ukurasa.